Shangazi, naandika ripoti za vijiji ambavyo sifiki

Shikamoo Shangazi. Naomba jina langu usilitoe wala kanisa langu, na kijiji nitakitaja kwa mbali tu, ni huku mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini ya Kigoma ukishapita milima ya Mahale. Mi ni kijana wa miaka 26, mtu wa Makete, kwetu ni baridi na viazi, ukiona maji mengi ujue mvua imezidi, yaani kuogelea sijui mpaka leo ninavyoandika.

Nilimaliza diploma nikakaa nyumbani mwaka mzima bila kazi, kanisani wakatangaza wanataka vijana wa kujitolea miaka miwili, umisionari wa ndani, nikajaza fomu. Sitaki kukudanganya kwamba nilisikia sauti, nilikuwa nimechoka kukaa kwa mama, ila nilipenda pia. Tukawekewa mikono, mama akalia, watu wakachanga, nikapewa godoro, sola ndogo, Biblia kumi na tano na posho ya elfu themanini kwa mwezi. Tulikuwa wawili. Tukapanda basi Mbeya, Sumbawanga, Mpanda, Uvinza mpaka Kigoma mjini, miguu ikavimba, alafu tukaingizwa kwenye boti la mbao lenye simenti, mabati, kreti za soda, mbuzi wawili na watu hata sijui wangapi, tukaondoka saa kumi jioni tukafika kesho yake saa sita mchana. Mwenzangu alitapika njia nzima. Mi nilikuwa naangalia taa za wavuvi usiku, zimejaa kwenye maji unasema huu ni mji, nikajiambia hapa ndo nimefika.

Maisha ya huku niliyazoea mapema kuliko nilivyofikiri. Asubuhi naamka wavuvi wanarudi, kina mama wanaanika dagaa mchangani, mi nachota maji nachemsha, natembelea wagonjwa, jioni nafundisha watoto kusoma chini ya sola yangu. Chakula ugali wa muhogo na dagaa, siku ya bahati samaki mgebuka wa mawese. Simu inashika sehemu moja tu, kuna jiwe kilimani wanaliita jiwe la simu, unapanda nusu saa, ukifika unakuta foleni. Posho ikiingia wakala hana floti, namsubiri wiki nzima auze dagaa ndo anitolee. Malaria nimeugua mara tatu. Mwenzangu baada ya miezi mitano alishindwa akarudi kwao, simlaumu.

Sasa shida yangu Shangazi. Nina vituo sita. Nilipo ni kimoja, cha pili ni saa mbili kwa miguu, vinne vilivyobaki ni vya boti. Mwanzo nilikuwa naenda vyote, kila mwezi nazunguka. Septemba mwaka jana tukiwa tunarudi kutoka kituo cha tano upepo ukapanda ghafla, mashine ikazima, fundi akavuta ile kamba mpaka kiganja kikachubuka haikuwaka, mawimbi yanaingia ndani tunachota na madumu yaliyokatwa, nahodha akaamuru mizigo itupwe, magunia ya dagaa ya watu yakaenda majini huku wenyewe wanalia, kuna bibi mmoja alikuwa anaimba tu. Mi mmisionari sikuomba hata. Nilikuwa naita mama. Tulielea mpaka usiku boti lingine likatukokota, hakufa mtu. Ila tangu siku hiyo nikiweka mguu kwenye maji kupanda boti miguu inaisha nguvu kabisa, nimejaribu mara nne, mara zote nimegeuka nikasema naumwa tumbo.

Kwa hiyo vile vituo vinne sijaenda miezi minane sasa. Na ripoti naandika. Oktoba niliandika "vituo vyote vinaendelea vizuri" nikajiambia siyo uongo, si nasikia kwa wafanyabiashara kuwa wanaendelea. Novemba wakaleta fomu mpya ina idadi ya wanaume, wanawake, watoto, nikachukua hesabu za Agosti nikaongeza wawili hapa watatu kule. Ikawa kila mwezi. Kule nyumbani wanazisoma ibadani watu wanapiga makofi na vigelegele, mama ananipigia ananiambia mwanangu umetuheshimisha. Na kwa sababu niliandika usafiri ni changamoto, Pasaka hii usharika umechanga milioni tatu na laki saba za kununua mashine ya boti. Wameshaniwekea kwenye grupu picha ya ile mashine wanayoitaka. Mwezi ujao wanakuja wageni, viongozi watano, wanataka kutembelea vituo vyote sita na kukabidhi mashine.

Kilichonimaliza ni wiki iliyopita. Mama mmoja muuza dagaa kaniletea salamu kutoka kwa mzee wa kituo cha tano, anasema "mwambie mwalimu hatujamkasirikia, tunasali wenyewe chini ya mwembe, ila yule mtoto wa jirani yangu aliyekuwa anamfundisha kusoma alifariki Januari, tukamzika wenyewe." Nikaenda kuangalia daftari langu la Januari. Kituo cha tano nimeandika watu 34, hakuna tatizo.

Nimefikiria nikope hela nikodi boti nizunguke vituo vyote kabla wageni hawajafika ili mambo yakae sawa. Au niseme naumwa sana nirudi nyumbani, nimebakiza miezi mitano tu. Mchungaji mmoja rafiki yangu nilimdokeza kuhusu hofu (siyo ripoti) akasema ni upungufu wa imani, Petro alitembea juu ya maji. Je ni kweli sina imani? Nifanyeje Shangazi, usiku silali.

Mwalimu wa Nchi Kavu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma jana nikaiweka, nikaenda kupika, nikarudi nikaisoma tena, kwa sababu huo mwambao naujua. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikaa huko miaka mitatu nikiwa msaidizi kwenye zahanati ya misheni, sikuwa mwinjilisti, kazi yangu ilikuwa kufunga vidonda na kuhesabu vidonge. Enzi hizo tulikuwa tunaisubiri Liemba, ile meli ya Wajerumani iliyojengwa Papenburg 1913, wakaizamisha wenyewe 1916 wasiwaachie maadui, ikaja kuibuliwa na kurudishwa kazini 1927. Watu wanaisifia sana, ila wasichosema ni kwamba vijijini haikuwa na gati. Inasimama katikati ya maji usiku, inapiga honi, mitumbwi inaikimbilia inagombania ubavu, na wewe unashuka kwa kuruka huku mtumbwi unapanda na kushuka na begi lako lishatangulia kwa mtu usiyemjua. Mara ya kwanza nililia mbele ya meli nzima. Baharia mmoja akanibeba kama gunia akanishusha. Kwa hiyo miguu kuisha nguvu naifahamu, na mimi wala sikuwahi kuelea na mashine iliyozima.

Nianze na hilo la imani maana ndilo jepesi. Huyo rafiki yako mchungaji kamtaja Petro, mwambie Petro mwenyewe alianza kuzama. Alafu msome Paulo kwenye Matendo sura ya 27, Paulo ndiye aliyesimama akawaambia jamani msimu umepita, tukisafiri sasa hivi tutapata hasara, wakamsikiliza nahodha na mwenye merikebu, wakavunjikiwa. Paulo alikuwa anaogopa maji kwa akili zake timamu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zaidi ya elfu moja na mia nne, linazidiwa na Baikal peke yake dunia nzima, na wewe hujui kuogelea, na ulipanda boti lililojaa magunia. Ungekuwa huogopi ndo ningekushangaa. Hofu yako siyo dhambi na sikupi somo juu yake, nikikupa kitu ni laifu jaketi.

Ripoti ni habari nyingine.

Nimeona unavyoelezea, ulianza na sentensi moja ambayo haikuwa uongo kabisa, ikafuata fomu yenye masanduku ya kujaza. Naielewa hiyo fomu. Makanisa yetu yana ugonjwa wa idadi, mtu kakaa mjini anataka namba zipande kila mwezi kama bei ya mafuta, na hakuna sanduku la kuandika "mwezi huu niliogopa". Hilo ni kosa lao na nitalisema hata mbele yao. Lakini kalamu ilikuwa mkononi kwako, na Januari uliandika hakuna tatizo.

Huo mpango wa kukodi boti uzunguke vituo vyote kwa wiki moja, uache. Uache leo. Kwanza ni mwezi wa kusi huu, huko ndo upepo unaanza kuvuma kweli, na wewe utakuwa unakimbizana na tarehe, na mtu anayekimbizana na tarehe ndiye anayepanda boti ambalo wenyeji wameliacha. Nimeona watu wazima wamekufa kwa sababu ya kuwahi kikao. Pili, ukifika huko utafanya nini, utawaambia wale wazee wakija wageni semeni nilikuwepo? Utawafundisha uongo watu waliosali miezi minane bila wewe? Hapana mwanangu. Na la kusingizia ugonjwa ukaondoka, utafika Makete watakupokea kwa vigelegele, mama yako atachinja, na hiyo nyama hutaimeza.

Fanya hivi. Kesho panda kwenye hilo jiwe lenu la simu, mapema kabla ya foleni, upige simu. Upige, usiandike mesenji, na kwenye grupu usiguse kabisa, kuna watu wanapenda kutubu kwenye grupu la watu mia mbili ili waonewe huruma na mia mbili. Mpigie yule kiongozi anayepokea ripoti, mmoja tu. Usianze na hadithi ya upepo. Anza na idadi: tangu Oktoba vituo vinne sijafika, hesabu nilizoandika siyo za kweli, na hela ya mashine mmechanga kwa kuamini hizo hesabu, naomba isinunuliwe kwanza. Ukishasema hapo ndo ueleze boti. Ukianza na boti utajikuta umejionea huruma na la ripoti umelimezea. Andika kwenye karatasi kabla hujapanda, maana ukifika juu chaji itakuwa asilimia kumi na moyo unakudunda.

Wanaweza kukurudisha. Nakwambia ukweli, wanaweza kukuita nyumbani na posho ikasimama. Wanaweza pia kukwambia baki, malizia. Hilo haliko mkononi mwako na sikuahidi kitu. Ila ukisema wewe kabla boti la wageni halijaondoka Kigoma ni tofauti kabisa na wao kushuka kituo cha tatu mtu akawauliza, kwani yule mwalimu alishapona?

Mama yako mwambie mwenyewe siku hiyo hiyo, asisikie kwa mama mwingine kwenye umoja wa wanawake.

Baada ya simu, kabla ya kitu kingine chochote, kituo cha tano. Sijali wakubwa wamekujibu nini. Yule mzee kakutumia salamu za msiba na wewe bado hujaenda kutoa pole. Huku kwetu deni la msiba halifi hata kama umechelewa miezi mitano, ukifika unaketi chini unasema nimechelewa, wanakuonyesha kaburi, basi. Usiende na Biblia mkononi kama mgeni rasmi, nenda na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Wasimulie ukweli kuwa uliliogopa ziwa. Hao ni watu wa ziwa, kila nyumba hapo ina mtu aliyemezwa na maji, hakuna atakayekucheka. Sana sana watakucheka kwa ulivyoita mama.

Utafikaje? Hapo nataka tukae kidogo maana nadhani tatizo lako nusu ni la safari, na waliokutuma hawakukufundisha kusafiri, walikupa godoro.

Kwanza uliza njia ya miguu. Umesema vituo vinne ni vya boti, nani kakwambia? Watu wa mwambao hata kwenda kwa jirani watakwambia panda boti, lakini wauza nguo na wapiga ramli wanatembea. Inaweza kuwa ni siku nzima na kulala njiani, sawa, una miaka 26. Tafuta mwenyeji wa kwenda naye, na kwenye midomo ya mito usivuke peke yako kwa kujifanya shujaa, mamba wa mitoni hawana habari na wito wako. Maeneo ya hifadhi ya Mahale usikatize bila kuwauliza askari wa hifadhi, huko kuna taratibu zake. Na kama kuna kituo bodaboda inafika kiangazi hiki, panda bodaboda, hakuna aliyesema injili lazima ipitie majini.

Kule ambako boti haliepukiki, shika sheria moja tu niliyopewa na mvuvi mmoja aliyekuwa analeta watoto wake zahanati. Aliniambia dada usiangalie mawingu, hujui kuyasoma, we angalia mitumbwi. Wavuvi wakiwa wameivuta juu mchangani wamekaa wanashona nyavu, hata jua liwe linawaka namna gani, usiende. Wao wakienda na wewe nenda. Nilikaa miaka mitatu kwa sheria hiyo hiyo moja.

Nunua laifu jaketi lako mwenyewe Kigoma mjini, usitegemee la boti, ya boti yakiwepo yanakaliwa kama mto. Livae tangu mchangani, wakikucheka waambie mi mtu wa Makete. Ukiona maji yamekaribia ukingo wa boti upana wa kiganja kabla hata halijaondoka, shuka, nauli isamehe. Muulize fundi kwa utani kama ana plagi ya akiba na makasia, fundi mwenye nazo hujibu kwa maringo, asiyenazo hukasirika. Simu ifunge kwenye nailoni mbili. Na kila unapoondoka kuna mtu mmoja unakoenda ajue unakuja, na mmoja unakotoka ajue umeondoka, ili usipofika watu waanze kuuliza jioni ile ile.

Miguu ikigoma tena, usilazimishe safari nzima. Muombe mvuvi mmoja unayemwamini akupeleke asubuhi maji yakiwa shwari, mita hamsini tu kutoka ufukweni mrudi. Kesho yake tena. Wiki ya pili mpaka kwenye kona. Na jifunze kuogelea jamani, kijiji kizima kina watoto wa miaka saba wanaogelea kama samaki kuhe, hao unaowafundisha a e i o u nao wakufundishe, mtabadilishana. Ila usiogelee kwenye maji yaliyotulia penye matete, kichocho kipo huko. Ukiona damu kwenye choo au mkojo nenda zahanati, dawa yake ipo.

Sasa ratiba yako, hiyo ya kuzunguka vituo sita kila mwezi, nani aliipanga? Naona kama aliyeipanga anajua ramani, hajui mwezi. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, usiku wa mbalamwezi wanaume hawaendi ziwani, taa hazivuti kitu. Kwa hiyo ukienda kijijini wakati wa giza utakuta wamama na watoto, wababa wamelala mchana wote na Jumapili nayo wamelala, alafu unaandika wanaume 3. Nenda mbalamwezi. Siku hizo watu wapo, wamepumzika, jioni zina mwanga, wanataka hadithi. Na ukienda kaa. Badala ya kuruka vituo vinne kwa mwezi kila kimoja nusu siku, chagua kimoja ukae siku kumi, ule nao, uumwe nao, mwezi unaofuata kingine. Boti utalipanda mara mbili kwa mwezi badala ya mara nane, mafuta yanapungua, na watu wanakujua.

Pale Karema, upande huo huo wa ziwa kusini zaidi, aliwahi kuwepo mzee anaitwa Adrian Atiman. Aliuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, mapadre Wazungu wakamkomboa, wakamsomesha udaktari Malta, wakamleta Karema 1889 akiwa katekista na daktari. Alifariki 1956, hapo hapo. Nilipokuwa zahanati wazee walikuwa bado wanasimulia habari zake walizozisikia kwa wazazi wao. Sikwambii uwe Atiman, wewe una miezi mitano na yeye alikuwa na miaka zaidi ya sitini, ila kuna kitu cha kuangalia hapo, watu walimjua kwa sababu alikuwa anapatikana.

Kuhusu mashine ya boti. Nilikuomba uwaambie wasiinunue kwanza, na sababu siyo ripoti tu. Hata ungekuwa msafi kama theluji ya kwenye kalenda, nisingeshauri. Misheni yetu ilikuwa na mashine. Ilipofika tulicheza ngoma. Baada ya wiki tatu mlango ukagongwa saa nane usiku, mama mjamzito amekaa na uchungu siku mbili, tukampeleka, akajifungua salama, tukamshukuru Mungu. Kesho yake mlango tena, mtoto ana degedege. Keshokutwa mtu ana maiti anataka kuirudisha kwao. Bajeti ya petroli ilikuwa ya mwezi, ikaisha siku ya kumi na moja. Usiku wa kumi na mbili akaja baba mmoja na mkewe kwenye machela na mimi ndiye niliyefungua mlango nikasema mafuta hakuna. Sitasimulia kilichofuata. Mpaka leo nikisikia mlango unagongwa usiku nashtuka. Anayekununulia mashine muulize petroli ya mwaka mzima iko wapi, fundi ni nani, spea zinatoka wapi, nani anakaa na ufunguo, na mgonjwa akija saa nane usiku jibu letu ni nini. Wasipokuwa na majibu, hizo milioni tatu na laki saba zinatosha laifu jaketi za abiria wa boti lenu, nauli zako, dawa za kutibu maji za vituo vyote sita na chenji inabaki. Wakae na wanakijiji waulizwe, wao ndo wenye ziwa.

Wageni wakija, waje. Ila waambie wapunguze vituo, viwili vinatosha kwa wiki, na waambie mapema wasitegemee kupikiwa migebuka. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa ziwa zima Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapumzike, kwa hiyo mgeni akija katikati ya mwaka aulize kwanza hali ikoje asije akamtia mtu aibu ya kukopa kuku. Walete unga na mafuta yao. Wakitaka njia ya nchi kavu, waulize hali ya barabara na kivuko cha Ilagala pale mto Malagarasi kabla hawajaondoka, wasije wakalala njiani na suti zao. Na wakifika kituo cha tano wewe usiongee, mwache mzee aongee.

Mengine madogo. Malaria mara tatu ni nyingi, na wewe umetoka sehemu ya baridi, mwili wako haujaizoea kama wa watu wa hapo. Pima kila homa, usibahatishe. Ukikutwa nayo, dawa mseto ni vidonge ishirini na nne, vinne vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, na ule kitu chenye mafuta kidogo ndo inafanya kazi vizuri, hayo mawese yenu yanafaa sana. Nilichokiona zahanati ni watu kumeza siku moja na nusu wakipata nafuu wakaweka akiba ya ugonjwa ujao. Usiwe mmoja wao. Chandarua kichomeke chini ya godoro, kikitoboka kishone, wavuvi wana sindano.

Na chakula, naona unajipikia. Umeandika nachota, nachemsha, natembelea, nafundisha, sijaona hata sehemu moja unakula na mtu. Tafuta mama mmoja hapo kijijini, mpe hela ya chakula ya mwezi, kula kwake pamoja na watoto wake. Mwenzako aliondoka, umebaki peke yako na daftari la ripoti usiku kucha, ndo maana liliandikika lilivyoandikika. Kwenye sinia la watu sita mtu angekuuliza siku ya pili tu, mwalimu mbona Jumapili hii hukwenda?

Nitafurahi ukiniandikia ukishashuka kwenye hilo jiwe. Na kama boti la kituo cha tano linaondoka Jumanne, angalia mitumbwi kwanza.

Shangazi